Miezi minane ndani ya Sky: nina rafiki nisiyemjua jina

Zamu ya usiku ilininyang'anya watu kabla haijaninyang'anya usingizi. Narudi nyumbani wenzangu wanatoka, naamka wao wanakwenda kulala. Ujumbe ninaoutuma saa nane usiku hujibiwa adhuhuri, nami nakoroma.

Nikaenda kutafuta watu kwenye gemu. Nilianza na moja ya risasi, jina naliacha. Kabla sijajua kitufe cha kukimbia ni kipi, mtoto wa watu alikuwa ameshanitukania mama. Nilidumu siku tatu.

Kisha nikahamia Sky: Children of the Light, gemu iliyotoka mwaka 2019 kwenye iPhone, na 2020 ikaja kwenye Android. Kuipakua ni bure. Vinavyouzwa zaidi ni mapambo. Sijanunua hata kimoja na sijakwama popote. Unakuwa kitoto chenye joho, unaruka juu ya mawingu ukikusanya nuru. Hakuna kumpiga mwenzako risasi.

Mchezaji usiyemjua unamwona kama kivuli cha kijivu. Unamsogezea mshumaa, akikubali ndipo sura zinatokea. Hata hapo humwandikii neno: kukumbatiana, kuandikiana na mengineyo hufunguliwa kwa mishumaa uliyoihangaikia, hatua kwa hatua. Yapo mabenchi ya kuchati na mgeni, ila mpaka wote wawili mkubali kukaa. Matusi humu yana gharama.

Kuna msitu ambao mvua yake inakumaliza nguvu za kuruka. Nilikwama humo chini ya mti, njia siijui, joho limezimika. Akaja mmoja na mwavuli, akasimama kando yangu. Basi, akasimama tu. Nguvu zikarudi. Wachezaji wakisogeleana hutiana nguvu, lakini siku hiyo nilidhani ni kazi ya mwavuli. Kisha akaninyoshea mkono. Ukishikwa mkono, mwenzako ndiye anayeruka, wewe unavutwa nyuma kama kishada.

Gemu hii inakuachia umpe rafiki jina mwenyewe, na unaliona wewe peke yako. Nikamwita Mwavuli. Mimi kwake sijui naitwa nani. Pengine Mzigo.

Baada ya wiki kadhaa tukafungua kuandikiana. Nikatunga sentensi, nikaifuta, mwisho nikaandika salamu ya neno moja. Jibu likaja kwa herufi ambazo sijui hata zinasomwa kuanzia upande gani. Tukatazamana. Akapiga sarakasi, na mimi nikapiga yangu. Tukarudi kwenye kuitana: unabonyeza, inatoka sauti ndogo kama ya ndege, mwenzako anajua uko wapi. Mpaka leo ndiyo lugha yetu. Natoka kazini alfajiri namkuta, na kwake sijui ni saa ngapi. Nilikuwa nikidhani nimekosa mtu wa kuzungumza naye, kumbe nilikosa mtu wa kuwa karibu tu.

Kuna pia milango isiyofunguka mpaka muwe wawili, mingine wanane. Mwanzoni ilinikera kukaa nikisubiri wageni. Siku hizi nafika mapema.

Bila intaneti haifunguki, na simu yangu kuukuu inapata moto mpaka naiweka chini. Kuvuna mishumaa nako kunaweza kukugeuka kibarua. Siku yangu moja ya mapumziko niliacha kumpigia dada yangu ili nimalize kuvuna, nikajionea aibu, nikajiwekea saa moja kwa siku. Nilipougua homa, aliyekuja kunipa maji ni dada huyo huyo. Mwavuli hata hakujua.

Wiki hii hajaonekana, nyota yake kwenye orodha ya marafiki imefifia. Kila alfajiri namtumia nuru, kisha napita msituni nisimame kidogo chini ya ule mti. Juzi alitokea kivuli kimoja, joho limezimika, anazunguka hajui pa kwenda. Mwavuli sina. Nikasogea.