Rimoti "imekufa", na milango mitatu inajifunga!

Gereji yenyewe iko upande wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja.

Gari yangu ni Toyota IST, kama zilivyojaa mjini. Mlango wa dereva ulikuwa hausikii rimoti. Mitatu mingine nikibonya inajifunga kwa kishindo, huo kimya. Siku nyengine unafunga, kesho yake unagoma.

Fundi mkubwa hata mlango hakuugusa. Alichukua rimoti, akafungua kamera ya simu yake, akabonya mbele yake, akanionyesha. "Unaona mwanga hapa? Hamna. Imekufa." Jamani, huo si mtihani wa rimoti ya televisheni? Ile inatoa mwanga ambao jicho haliuoni, kamera inauona. Hizi za magari yetu zinarusha mawimbi ya redio, utaipiga picha mpaka Magharibi hutoona kitu! Na kila akibonya, milango mitatu inagonga nyuma ya mgongo wake. Nikamuuliza, basi hii anaifunga nani?

"Bi mkubwa, hebu mwite mwenye gari tuzungumze naye."

Mwenye gari! Kadi ina jina langu, mkopo nalipa mimi.

Alitaka nifunge senta loki mpya nzima, ule mfumo unaofunga milango yote kwa pamoja, na mota zake nne. Siku ile nilisema ni mwizi. Leo naona labda hajui tu, na sijui lipi baya zaidi.

Aliyenitoa ni kijana wake, tena hakuna aliyemuuliza. Mkubwa alipokwenda kusali Adhuhuri, akaniambia niusogeze mlango polepole huku yeye anabonya. Ukiwa nusu, loki inapiga. Ukizidi hapo, kimya. Akauchomoa ule mpira mweusi baina ya mlango na bodi: ndani waya umekatika, shaba imekuwa kijani. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, waya zake zinakunjwa kutwa, na chumvi ya bahari yetu inamalizia. Akaunga kwa lehemu, akafunga tepu, kwisha.

Mkubwa akarudi, akanitoza pesa ya "uchunguzi". Wallahi nililipa huku natetemeka.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Lakini loki inafanya kazi mpaka leo, kwa hiyo naweka tatu, zote za kijana. Nendeni wakati mkubwa hayupo. Na kijana akishaondoka kufungua gereji yake, maana ataondoka tu, msiende kabisa.