Treasure Island isiyo na pipa la matofaa: uzoefu wangu na duka la vitabu Moshi

Kurasa za 65 hadi 80 hazimo. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu iko hapo, na kwa sababu muuzaji aliniambia kwamba ni jambo dogo.

Kitabu ni Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, toleo la Kiingereza, jalada laini, mgongo wa bluu. Nilikinunua kwa shilingi 14,000, si siku nyingi zilizopita, katika duka moja la katikati ya mji wa Moshi. Mwishoni mwa ukurasa wa 64 Jim Hawkins, kijana anayesimulia hadithi, anatamani tofaa na kukimbilia kwenye pipa lililoko sitahani. Ukihamia ukurasa wa kulia, unakutana na ukurasa wa 49. Kuanzia hapo kurasa za 49 hadi 64 zinarudiwa zote, neno kwa neno, halafu kitabu kinarukia 81, ambako meli imeshafika kisiwani na mabaharia wananung'unika bila mtoto anayesoma kujua wana nini.

Nilirudi na kitabu pamoja na risiti. Nikasema, "Kaka, naomba uangalie hapa." Hakuangalia. Alikipima kwa kidole gumba, akasema kurasa zimetimia, tena kimenona. Nilipomwonyesha namba za kurasa akajibu, "Dada, hicho ni kitabu cha watoto. Nani anahesabu kurasa?"

Watoto ndio wanaohesabu kurasa! Mtu mzima akikuta pengo ataruka, atakisia, ataendelea. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili anayejikongoja na Kiingereza cha mwaka 1883 akifika mahali hadithi haieleweki, hasemi kitabu kina kasoro. Anajiona yeye ndiye hajui kusoma. Anakifunga, na hakifungui tena.

Na kurasa zenyewe zilizokosekana ndizo hizo! Kama zingepotea kurasa 16 za safari ya Bristol ningenung'unika kidogo nikanyamaza. Zilizopotea zinabeba sura ya 11 na ya 12, na riwaya nzima imening'inia pale. Katika sura ya 10 Long John Silver ni mpishi mwenye mguu mmoja, jiko lake linang'aa, ana kasuku wa kuchekesha, na anamkaribisha Jim kwa maneno matamu. Mtoto yeyote anampenda. Kisha Jim anaingia ndani ya pipa kutafuta tofaa la mwisho, Silver anaketi karibu na pipa bila kujua kuna mtu ndani, na Jim anamsikia akimrubuni baharia mwingine kijana kwa sifa zilezile, kwa maneno yaleyale, aliyokuwa akimwambia yeye. Hapo ndipo kijana anaumia, kabla hata hajaelewa kwamba uasi wa mabaharia umeshapangwa. Sijui sehemu nyingine katika vitabu vya watoto inayoonyesha kwa uwazi namna hiyo mtu mzima mwenye ulimi wa asali anavyofanya kazi yake. Mtoto akiikosa, Silver anageuka mwovu ghafla kama aliyebadilishwa na mchawi.

Sura ya 12 nayo inatoa hesabu. Watu 26 kwa jumla melini, wa kuaminika 7, na mmoja wao ni mtoto, kwa hiyo watu wazima ni 6 dhidi ya 19. Kila risasi inayofuata kitabuni inapunguza hesabu hiyo. Bila namba hizo mapigano ya ngomeni ni kelele tupu.

Sasa niseme kosa lilivyotokea, maana muuzaji alidai eti ni "mambo ya kiwandani" kana kwamba ni mvua. Kwa kitabu kama hiki karatasi kubwa moja huchapwa kurasa 8 kila upande, hukunjwa mara tatu, ikawa fungu la kurasa 16. Mafungu hupangwa kwa zamu, mgongo hukwanguliwa, hupakwa gundi ya moto, jalada hubandikwa. Fungu la kwanza ni 1–16, la nne 49–64, la tano 65–80. Mtu ameweka bunda la fungu la nne mahali pa la tano, basi. Na kwa kuwa aliweka bunda zima, si karatasi moja, kosa hilo haliji na kitabu kimoja. Linakuja na vitabu vinavyofuatana, na vinavyofuatana ndivyo vinavyofungwa katoni moja na kupangwa rafu moja.

Kwa hiyo nilienda kwenye rafu, nikachukua nakala nne zilizobaki. Moja nzima. Tatu zina 49 baada ya 64. Nikazipanga kaunta zikiwa wazi. Akazifunga moja moja, akazirudisha rafuni, akaniambia kama sinunui nisimchafulie vitabu.

Sikupewa hata ile nakala nzima. Kitabu kimeshafunguliwa, alisema, hakirudi.

Nyota sifuri, basi? Ngoja kwanza, kwa sababu lazima nikitendee haki kitabu chenyewe. Hili ni toleo kamili, na toleo kamili halipatikani hovyo. Nimetafuta Moshi, nimetafuta Arusha kuanzia maduka ya maeneo ya Mnara wa Saa hadi meza za vitabu vya mitumba, na vingi nilivyoshika ni vile vyembamba vya kurasa 80 au 90 vilivyofupishwa, ambavyo jaladani havisemi hivyo. Ukitaka kujua kabla ya kulipa, soma nyuma ya ukurasa wa jina: neno "abridged" au "retold" hufichwa pale kwa herufi ndogo. Usipoliona, hesabu sura. Ziwe 34, katika sehemu 6. Sentensi ya kwanza iwe ndefu na iwataje Squire Trelawney na Dokta Livesey. Ikianza kwa ufupi na urahisi, kuna mtu ameiandika upya. Riwaya ina maneno yapatayo 67,000, na kwa herufi ambazo mtoto anaweza kusoma bila kukodoa macho haiwezi kuingia katika kurasa 90. Angalia pia sura za 16 hadi 18. Pale msimulizi ni daktari, si Jim, na toleo la hovyo likiondoa vichwa vya sura mtoto anadhani Jim yuko mahali pawili kwa wakati mmoja.

Toleo hili la mgongo wa bluu linafaulu yote hayo. Herufi zinasomeka, karatasi ni nzito kiasi kwamba maandishi ya nyuma hayapenyezi, ramani imo mbele. Gundi tu ndiyo ya kuangalia: gundi ya moto hulainika kwenye joto, kwa hiyo usikiache kwenye dashibodi ya gari mwezi Februari hapa Moshi, na usikikunje jalada hadi ligusane mgongoni. Ningekipa nyota nne. Tano hata, kwa bei hiyo.

Nacho kinatengenezeka. Maandishi hayana mmiliki tena, Stevenson alifariki mwaka 1894, na riwaya nzima iko bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Nakili kuanzia neno linalofuata la mwisho la ukurasa wa 64 hadi neno linalotangulia la kwanza la ukurasa wa 81. Rekebisha ukubwa wa herufi, jaribu 11, hadi zitimie kurasa 16 za nusu ya A4. Wenye duka la steshenari wachape pande mbili kwenye karatasi 4 za A4, na mwangalie kwa macho yako kwamba nyuma ya 65 ipo 66. Wengi hukosea hapo, wakikata karatasi katikati kurasa zinachanganyika. Utapata majani 8.

Usizing'oe zile kurasa zilizorudiwa. Ukivuta jani moja, gundi ya mgongo inapasuka na majirani zake wanafuata. Weka rula ya chuma, kata kwa wembe ukiacha ukingo wa milimita 5 kila jani. Kingo hizo 8 ndizo utakazobandikia majani mapya. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, mstari mwembamba wa milimita 3, bila kuongeza maji, kwa sababu maji yanakunja karatasi. Tenganisha kila jani na kipande cha nailoni, funga kitabu, weka mzigo juu usiku kucha. Majani mapya yatatokeza kidogo nje. Yapunguze asubuhi, gundi ikishakauka.

Kikishatengenezwa hivyo ni kitabu kizuri kweli, na mzazi mwenye subira anaweza kukinunua hata kikiwa na kasoro, akapunguziwa bei. Nilitaka kuishia hapo na kutoa nyota tatu.

Lakini siwezi. Kosa la kiwanda ni kosa, na mtu hulisamehe. Yule alionyeshwa nakala tatu mbovu zikiwa wazi mbele yake, akajua, akazifunga na kuzirudisha rafuni ili azinunue mtu asiyekagua. Pengine bibi anayemtafutia mjukuu zawadi. Pengine mwalimu mwenye fedha ya nakala moja tu kwa darasa zima. Nafuta nyota zote tatu.

Ukilikuta toleo hili duka lolote, fungua penye 16, 32, 48, 64, 80, 96, uendelee hivyo hadi mwisho, na uone kama namba inayofuata ndiyo inayostahili kufuata. Haichukui dakika mbili. Muuzaji akikuharakisha, mrudishie kitabu.

Na kama duka hilo unalifahamu: rafu ya chini, upande wa madaftari. Mpaka napita pale mara ya mwisho vilikuwa bado vinne, na kizima ni kimoja.