Uzoefu wangu na R: majina ya vigeu na vile visivyoonekana

Natumia R, lugha ya programu ya takwimu, katika uchambuzi wa takwimu za kilimo na ninaithamini sana, lakini naona watu wengi wanazifahamu vyema mbinu za takwimu kuliko kanuni za R za kuvipa majina vigeu, yaani vihifadhi vya data. Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa, kwa hiyo `mavuno` na `Mavuno` ni vigeu viwili. Hilo huzoeleka upesi.

Kinachotaka uangalifu ni nukta. Jina likianza na nukta, amri ya `ls()`, inayoorodhesha vigeu vilivyopo, hailionyeshi, kama ambavyo mifumo endeshi ya Unix huficha mafaili yenye majina ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, anayeandika `rm(list = ls())` kwa nia ya kufuta kila kitu huviacha vigeu vyote vilivyofichwa. Kimojawapo ni `.Random.seed`, ambacho R hukiunda yenyewe namba za nasibu zinapohitajika kwa mara ya kwanza, nacho hutunza hali ya kizalishi cha namba hizo. Mtumiaji akikubali kuhifadhi kazi anapofunga programu, kigeu hicho huingia katika faili la `.RData` na kurejeshwa programu inapofunguliwa tena, hata ikawa vipindi viwili vilivyoanzia faili moja vinatoa namba zilezile, ilhali mtafiti anavihesabu kuwa majaribio mawili huru. Kwa anayefanya uigaji wa kompyuta kwa namba za nasibu, jambo hili linagusa uhalali wa matokeo yenyewe. Mimi nimezima uhifadhi huo, ninaandika `set.seed()`, inayoweka mahali pa kuanzia pa namba za nasibu, mwanzoni mwa kila hati, na ninapotaka kuona vigeu vyote ninatumia `ls(all.names = TRUE)`.

Nukta ya katikati ya jina ina historia yake. Zamani kistari cha chini kilikuwa alama ya kukipa kigeu thamani, na kiliruhusiwa ndani ya majina kuanzia toleo la 1.9.0, mwaka 2004. Ndiyo maana tumerithi `read.csv` na `data.frame`. Tatizo ni kwamba nukta hiyohiyo hutenganisha jina la fankisheni na la klasi (aina ya kitu), kama katika `print.data.frame`, yaani `print` kwa klasi ya `data.frame`. Hivyo `t.test`, ambayo ni jaribio la t, husomeka kana kwamba ni fankisheni ya `t` kwa klasi iitwayo `test`, na R yenyewe, kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, ingeichukulia hivyo ikikutana na klasi ya jina hilo. Kwa anayeanza, napendekeza kwa moyo wote kistari cha chini, kama `mavuno_ya_mahindi`, na nukta ya mwanzo aiachie waandishi wa vifurushi.