Tuisheni ya fizikia ya fomu faivu, Mwanga Kigoma

Jamani mi ni PCM (fizikia, kemia na hesabu), nimesoma hapa likizo nzima na niseme ukweli, makanika (mada ya mwendo na nguvu) ndo nimeielewa kwa mara ya kwanza. Ticha hakuanza na fomula, alifunga nati kwenye uzi wa mita 1 akauning'iniza mlangoni, tukahesabu ikienda na kurudi mara 20 kwa simu ya mtu, ikaja sekunde 40, tukapiga hesabu g (mchapuko wa kitu kinachodondoka) ikatoka 9.87, karibu sawa na ya kitabuni, darasa kimyaaa. Akabadilisha akaweka nati nzito zaidi, muda uleule! Miaka yote nilikuwa nakariri tu bana.

Mawimbi na umeme fresh. Shida elektroniki, tranzista (kidude cha kukuza au kukata umeme) tumechorewa ubaoni tu kushika hata moja hatujashika, na fizikia ya atomu imekimbizwa siku 2 za mwisho, nusu uhai (muda wa nusu ya atomu zenye mionzi kuoza) kaitaja kakaa chini. Halafu chumba cha bati, saa nane mchana, joto la Kigoma mnalijua wenyewe, upepo wa ziwa haufiki kabisa.

Elfu 30 kwa mwezi sio mbaya. Ila mkienda wahini benchi za mbele, huku nyuma ubao unang'aa husomi kitu.