Kapu la ukili na kifumbu kutoka Matondoni: tathmini baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani mwaka jana, wakati kila nyumba ya Lamu inapokusanya tende, unga na nazi za mfungo, mfuko wangu wa kitambaa cha plastiki ulipokatika mkono nikiwa katikati ya kichochoro, hatua chache tu kutoka soko lililo ubavuni mwa Ngome. Nazi tatu zilibiringika hadi mferejini, na mayai hayakusalimika. Huo ulikuwa mfuko wa sita katika muda usiotimia mwaka, na kila mmoja niliununua kwa shilingi 150, kwa hivyo nilikuwa nimekwisha kutumia shilingi 900 kwa vitu ambavyo vyote sasa vilikuwa takataka. Siku hiyohiyo nilikwenda mtaa wa Langoni, kwenye kibanda cha kina mama wanaouza kazi za mikono za Matondoni, nikanunua kapu moja la ukili kwa shilingi 700 na kifumbu kimoja cha kukamulia tui kwa shilingi 200. Mwaka umetimia, vyombo vyote viwili vingali vinatumika kila siku, na naona ni haki niyaandike niliyoyaona, mazuri na mabaya, kwa ajili ya wenzangu wanaoendesha nyumba kwa kipato cha kupimia.

Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne, wengi wetu tulihamia mifuko hii inayofanana na kitambaa, ilhali nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Hunyauka juani, huchanika mshononi, na vipande vyake huishia ufuoni pamoja na ndara na chupa. Linaloniuma ni kwamba hatukuwa na haja ya kuhamia huko, kwa sababu chombo cha kubebea vitu vya sokoni kilikuwa kimetundikwa ukutani kwa bibi zetu tangu zamani.

Matondoni ni kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa chetu, kinachojulikana kwa mambo mawili: majahazi yanayoundwa na wanaume, na mikeka, misala na makapu yanayosukwa na wanawake. Kazi huanzia kwenye mkoma. Hukatwa mwaa mchanga ambao haujafunguka, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, kisha ukachanwa kwa ukucha au kisu kuwa chane nyembamba, na chane hizo hulowekwa kidogo zilainike kabla ya kusukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu unaopimwa kwa pima na kuviringishwa kama kamba. Kapu halisukwi kwa mara moja kama wengi wanavyodhani. Linashonwa: ukili mmoja mrefu huzungushwa kuanzia kitovu cha kitako, ukingo kwa ukingo, mpaka kapu likapanda na kufika mdomoni.

Ndiyo maana siri yote ya kapu imo katika mshono. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimeinua kapu lenye mapambo ya zambarau na kijani, nikiligeuza-geuza nitazame rangi, na bibi aliyekuwa ameketi pale akisuka akalitwaa mikononi mwangu bila haraka, akalipindua kitako juu, akaniambia kwa Kiamu chake: «Mwanangu, kapu huangaliwa tini, si yuu,» yaani chini, si juu. Akanionyesha mambo matatu ambayo tangu siku hiyo sijanunua kazi ya ukili bila kuyatazama. La kwanza, uzi wa kushonea uwe wa miyaa ileile au wa katani, usiwe wa nailoni, kwa kuwa nailoni ni kali kuliko jani na hulikata taratibu kila kapu linapobeba uzito. La pili, kingo za ukili ziwe zimeingiliana kiasi kwamba ukilielekeza kapu kwenye mwanga usione vitundu vilivyopangana kwa mstari. La tatu, na hili ndilo kubwa, mikono ya kapu isiwe imeshonewa mdomoni tu, bali kamba yake ishuke ubavuni, ipite chini ya kitako na kupanda upande wa pili, ili uzito wote ukae juu ya kamba na si juu ya mshono wa juu. Kapu la zambarau lilikuwa na mikono iliyoishia mdomoni. Bibi mwenyewe ndiye aliyelirudisha kwenye rundo, ingawa lilikuwa na bei ya juu zaidi, akanipa jingine la rangi ya asili, lenye mstari mmoja mweusi tu. Uaminifu wa namna hiyo kwa mnunuzi nauhesabu kuwa sehemu ya thamani ya duka.

Kwa mwaka mzima kapu hilo limebeba, kwa safari moja ya kawaida, pakiti mbili za unga za kilo 2, sukari, nazi nne, viazi, na juu yake mchicha na ndimu. Samaki nambebea humohumo, lakini natanguliza jani la mgomba chini ili shombo lisiingie katika ukili, kwa kuwa shombo likishaingia halitoki kwa sabuni, na dawa yake ni kulisugua kapu kwa ndimu na chumvi na kulianika nusu siku. Halijapoteza umbo lake, halijatoboka, na kitako chake, kinachokaa sakafuni kila siku, kimechakaa kidogo tu kwenye duara la nje.

Kasoro zake nazo zipo. Wakati wa masika, unyevu ulipozidi, lilifanya ukungu wa kijivu ndani kwa sababu nililiacha pembeni ya jiko likiwa na majimaji, na ilinibidi kulisugua kwa kumbi kavu kisha kulianika. Jua nalo lina kiasi chake, kwa maana ukili ukiachwa juani siku nyingi hukakamaa na kuvunjika kwenye mikunjo, kwa hivyo kila baada ya wiki mbili au tatu nalinyunyizia maji kidogo na kuliacha kivulini. Kasoro kubwa zaidi ni ya makapu yenye rangi. Dada yangu alinunua moja jekundu katika duka jingine la mjini, akanyeshewa nalo njiani, na rangi ikatoka yote ikaingia katika leso yake mpya. Alipolirudisha, mwenye duka alikataa hata kulitazama. Wasukaji huchemsha chane pamoja na rangi ya unga, na rangi isipochemshwa vya kutosha na kusuuzwa haishiki. Anayependa kapu la rangi na apanguse ndani yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa kabla ya kulipa, maana kitambaa kitasema ukweli papo hapo.

Mwezi wa tisa wa matumizi, kamba ya mkono mmoja ililegea. Sikulipeleka popote. Nilitumia shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magodoro na magunia ambayo katika nyumba nyingi za hapa inalala tu ndani ya kibweta, pamoja na pima moja ya kamba ya katani niliyoiloweka dakika chache ili isikatike inapovutwa. Nilipitisha uzi katika vitundu vilevile vya zamani badala ya kutoboa vipya, kwa kuwa kila kitundu kipya hudhoofisha jani, na kila baada ya mishono mitatu nilirudi mshono mmoja nyuma ili ukikatika mmoja usifumue mingine. Ilichukua muda wa kupikia chungu cha maharagwe. Mfuko wa plastiki haushoneki hivyo. Ukishachanika umekwisha, na hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya shilingi 700 na shilingi 150.

Kuhusu kifumbu nina mengi ya kusema, kwa sababu ni chombo kinachopotea majikoni wakati bado kina faida. Kwa wasiokijua, ni kijifuko cha miyaa kilichosukwa kwa nafasi, kinachotiwa nazi iliyokunwa ili kukamua tui. Kabla sijakinunua nilikuwa natumia chujio la plastiki, ambalo huacha nusu ya tui ndani ya machicha kwa sababu huwezi kulipopotoa, au kitambaa, ambacho huziba matundu na kunuka mafuta baada ya siku chache hata ukifua. Kifumbu hupopotolewa. Unatia nazi iliyotoka kwenye mbuzi, unakichovya katika maji ya vuguvugu, unashika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, unapopotoa mpaka kikawa kama kamba ya jahazi, na tui zito la kwanza linatiririka mpaka tone la mwisho. Tangu nianze kukitumia, wali wa nazi ambao zamani nilikuwa naupikia nazi mbili sasa naupikia nazi moja na nusu, na nusu inayobaki huingia katika mchuzi wa siku ya pili. Katika nyumba inayopika kwa nazi karibu kila siku, shilingi 200 za kifumbu zilirudi kabla ya mwezi kwisha.

Kinahitaji uangalizi, na muuzaji alipaswa kunieleza hilo siku ya kwanza lakini hakunieleza, nikajifunza kwa kuharibu chungu kimoja cha tui lililogeuka rangi ya chai. Kifumbu kipya huloweshwa usiku kucha, kisha humwagiwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka yatoke meupe. Baada ya kila matumizi hugeuzwa ndani nje, husuuzwa palepale kabla mafuta ya nazi hayajakauka, na hutundikwa penye upepo. Kisifungiwe kabatini kikiwa na unyevu. Machicha yanayobaki nayo hayatupwi: yana mafuta kidogo na ukali kidogo, kwa hivyo yanasugua sufuria za alumini vizuri yakichanganywa na majivu, na yasiyosugulia huwa chakula cha kuku.

Kibanda hicho kinauza pia mapepeo, kawa za kufunikia vyakula, na pawa za kifuu. Mapepeo ni mazuri na ya bei nafuu. Pawa, kwa maoni yangu, msinunue, kwa kuwa zimepakwa vanishi ing'aayo ambayo haifai kuchotea mchuzi wa moto, na isitoshe upawa ni kitu cha kujitengenezea nyumbani kwa alasiri moja. Chukua kifuu cha nazi iliyokomaa na utumie upande usio na macho, kwa sababu lile jicho moja laini halikosi kuvuja. Kikwangue nje kwa kigae cha chupa mpaka nyuzi zote zitoke, lainisha ukingo kwa msasa, toboa matundu mawili yanayoelekeana karibu na mdomo, kisha pitisha mti ulionyooka uliochongwa ubane penyewe bila msumari. Upake mafuta ya nazi, uuache usiku mmoja, na upanguse. Wangu una rangi ya kahawia iliyokolea kama halua, na nimeutumia miezi minane bila ufa.

Kuhusu huduma, kina mama hawa ni wapole na hawamfukuzii mtu bei, ila bei hazijaandikwa popote, na mgeni anaweza kutajiwa moja na mwenyeji nyingine. Ningewasihi waziandike kwenye kibao, kwa kuwa kazi yao ni ya haki na inastahili bei inayojulikana. Ningewasihi vilevile wampe kila mnunuzi wa kifumbu maelezo ya kukilowesha, hata kwa maneno mawili. Jambo lililonipendeza kuliko yote ni kwamba ukipeleka ukili wako mwenyewe, uliousuka nyumbani, wanakushonea kapu kwa ujira mdogo. Binti yangu wa miaka kumi na miwili amekwisha kusuka karibu pima nne wakati wa likizo, akiwa ameketi barazani na nyanya yake anayemsahihisha kila chane inapopotoka, na tumekubaliana zikifika pima za kutosha ndizo zitakazokuwa kapu lake la shule ya madrasa.

Kibanda hufunguliwa asubuhi baada ya soko kuchangamka na hufungwa adhuhuri, na siku ya Ijumaa hufungwa mapema zaidi. Makapu makubwa yenye kamba inayopita chini ya kitako hayakai muda mrefu, hasa Shaabani ikikaribia, kwa hivyo anayelitaka ni bora aagize wiki mbili kabla, ataje kuwa anataka uzi wa katani, na siku ya kulichukua alipindue mbele yao.