Tovuti kwa biashara ndogo ya gofu: ipi ya kununua, na jina liandikishwe kwa nani

Bango la duka langu limepakwa rangi mara mbili ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza mchoraji aliandika, chini ya picha ya fimbo na mpira, anwani ya tovuti ambayo nilikuwa nimeinunua kwa dola 450. Mara ya pili nilimlipa aifute, kwa sababu anwani hiyo haikuwa yangu tena, na nilipochunguza niligundua kwamba haikuwahi kuwa yangu hata siku moja.

Ninauza na kutengeneza vifaa vya gofu hapa Lubumbashi: fimbo zilizotumika, glavu, mipira na vishikio vipya vya mpira kwa fimbo ambazo vishikio vyake vimelika, na mwalimu ninayeshirikiana naye hutoa masomo siku tatu kwa wiki. Mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekolea na wageni wakiwa wengi, mteja wa Kitwe, Zambia, alinipigia simu kuuliza kama nimefunga duka. Alikuwa amefungua anwani iliyoandikwa kwenye risiti yake ya mwaka uliotangulia akakuta ukurasa mtupu wenye matangazo. Niliacha fimbo kwenye jiliwa, kishikio kikiwa kimeingia nusu na vidole vyangu vikinuka dawa ya kuyeyushia gundi, nikafungua anwani kwenye simu yangu, nikakuta ni kweli. Kijana aliyenitengenezea tovuti aliandikisha jina la tovuti, yaani anwani yake, katika akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, akalilipia mwaka mmoja, kisha akahama mji na kubadilisha namba ya simu. Barua za kumkumbusha kwamba mwaka unakwisha zilikwenda kwake, na mimi sikupata hata moja.

Tangu niliposimulia jambo hili, wenzangu kadhaa wameniletea malalamiko yanayofanana: mwalimu wa gofu wa Kolwezi ambaye aliyemtengenezea tovuti anamdai dola 200 kila mwaka kwa ajili ya jina ambalo halifiki dola 20, na mama anayeshona mifuko ya fimbo ambaye hajui hata jina la tovuti yake liliandikishwa wapi. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia rangi, wala uzuri wa picha, wala kasi ya kurasa, mambo ambayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Nitapanga chaguo zilizopo kwa kipimo kimoja tu: siku utakapotaka kuondoka, utaondoka na nini mkononi?

Kwanza niseme kwa nini tovuti inafaa kununuliwa, kwa sababu wengi katika kazi yetu wanaamini kwamba wateja wa gofu hujuana wote na habari hupita kwa mdomo. Hilo lilikuwa kweli kwa wanachama wa hapa mjini. Lakini fedha nyingi za kiangazi huletwa na wageni: wahandisi wa migodi ya Likasi na Kolwezi, wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Kasumbalesa, wachezaji wa Ndola na Chingola ambao kwao gofu ni mchezo wa miaka mingi. Mtu wa namna hiyo hupanga safari yake akiwa mbali, na anataka kujua mambo machache kabla ya kufunga mizigo. Je, kuna fimbo za kukodi kwa anayetumia mkono wa kushoto? Somo la saa moja ni bei gani? Kishikio kikibadilishwa asubuhi, fimbo itakuwa tayari lini? Nilikuwa nikijibu maswali hayo kwa WhatsApp hadi saa nne usiku, na aliyechelewa kujibiwa alikwenda kwingine.

Kuna pia tatizo la hapa kwetu ambalo mtu wa mji mwingine hawezi kulifikiria. Ukitafuta maneno “golf Lubumbashi” kwenye intaneti, sehemu kubwa ya majibu ni nyumba za kupangisha, kwa sababu Golf ni jina la kartie, yaani mtaa, mzima. Mgeni anayetafuta fimbo anaonyeshwa villa ya vyumba vinne. Njia ya kutoka ndani ya msongamano huo ni kuwa na kurasa zako zenye maneno kamili, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili: masomo ya gofu, fimbo za kukodi, kubadilisha vishikio. Tangu nilipoweka ukurasa mmoja kwa kila huduma, wageni wanaofika dukani wakiwa tayari wanajua bei wameongezeka.

Sasa nije kwenye kasoro yenyewe. Anwani ya tovuti, ambayo watu wa kazi hiyo huiita domeni, hainunuliwi ikawa yako daima kama fimbo. Inaandikishwa kwa kipindi, kuanzia mwaka mmoja hadi miaka kumi kwa zile zinazoishia na .com, na mwenye kauli juu yake ni mwenye akaunti kule ilikoandikishwa. Aliyetoa fedha, au mtu ambaye picha yake imo ndani ya tovuti, hana kauli kama akaunti si yake. Muda ukipita bila malipo, kampuni ya uandikishaji inaweza kulishikilia jina la .com hadi siku 45, kisha huja siku 30 ambazo ndani yake linaweza kurejeshwa kwa malipo ya ziada ambayo mara nyingi ni makubwa mara kadhaa kuliko bei ya kawaida, kisha siku 5 za mwisho, halafu linaachiwa huru na yeyote anaweza kulichukua. Wapo watu ambao kazi yao ni kuyavizia majina ya namna hiyo. Langu lilichukuliwa, na bei niliyotajiwa ili nilirudishiwe ilizidi thamani ya fimbo zote zilizokuwa ukutani siku ile.

Kwa nini wauzaji wa tovuti wa hapa huandikisha majina kwa akaunti zao? Baadhi wana nia mbaya, lakini sababu ya kawaida ni kadi. Mteja hana kadi ya Visa, analipa taslimu au kwa M-Pesa au Airtel Money, basi muuzaji anatumia kadi yake na, kwa urahisi, akaunti yake. Lakini kadi ya kulipia na akaunti ya kuandikishia ni vitu viwili tofauti. Fungua akaunti wewe mwenyewe, kwa simu yako na barua pepe yako, kisha muuzaji, ndugu au rafiki mwenye kadi alipie ndani ya akaunti hiyo. Jina litabaki lako. Barua pepe hiyo pia isiwe ile inayoishia na jina la tovuti yenyewe, kwa kuwa siku jina litakapokufa, barua pepe hiyo itakufa pamoja nalo, na hutaweza hata kupokea neno jipya la siri.

Usitosheke na kuambiwa “jina ni lako, mama, usiwe na wasiwasi”. ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina haya duniani, lina ukurasa wa bure wa kutafuta taarifa za jina lolote la .com. Tangu mwaka 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, majina ya wenye tovuti mara nyingi hufichwa pale, kwa hiyo usishtuke usipoliona lako. Kinachobaki wazi ni kampuni lilikoandikishwa na tarehe ya kuisha kwake. Chukua jina la kampuni hiyo, kisha mwambie muuzaji akuonyeshe ukiingia kwa barua pepe yako mwenyewe. Akisita, usimalizie malipo.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza ninaipa WordPress, programu ya kujengea tovuti, inayowekwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi kurasa zako) unayoikodi mwenyewe, pamoja na jina lililoandikishwa kwa Namecheap, kampuni ya uandikishaji, na ninasema wazi kwamba ndivyo ninavyotumia na ndivyo ninavyopenda. WordPress ilianza mwaka 2003, programu yenyewe ni ya bure, na inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, jambo ambalo kwetu lina maana moja tu ya vitendo: fundi mmoja akihama mji, wa pili atapatikana. Kurasa, picha na orodha ya bei vyote vinaweza kunakiliwa na kupelekwa kwenye seva nyingine. Mimi huhifadhi nakala kila mwisho wa mwezi kwenye flashi inayokaa ndani ya droo ya risiti. Namecheap ninaipenda kwa sababu haitozi malipo ya kuficha taarifa zako binafsi, na kwa sababu inaruhusu kuweka fedha kwenye akaunti mapema, hivyo siku ya malipo haitegemei kama kadi ya mtu ina salio. Nimelipia miaka mitano kwa mkupuo.

WordPress ina kazi yake, na sitaificha. Lazima uisasishe mara kwa mara, pamoja na viongezo vyake, la sivyo wadukuzi wataingia kupitia vile vilivyozeeka. Kwangu ni nusu saa kila Jumatatu, umeme ukiwepo. Tahadhari pia kwamba WordPress.com ni huduma ya kulipia yenye masharti yake, na programu ya bure hupatikana WordPress.org. Wauzaji wengi hulitaja jina moja na kukuuzia lingine. Bei ya seva ya mwaka wa kwanza nayo ni chambo, kwa hiyo uliza bei ya mwaka wa pili na uiandike.

Nafasi ya pili ni Squarespace, huduma ya kulipia ambayo unajengea na kuhifadhi tovuti yako humo humo. Ni ghali kidogo kwa mfuko wetu na inadai kadi inayofanya kazi kila wakati, lakini mwalimu wa gofu asiye na subira ya kusasisha chochote atapata hapo kurasa safi na kalenda ya masomo, na sehemu ya kurasa zake inaweza kutolewa na kuingizwa katika WordPress baadaye. Mipango yake ya mwaka huja na jina la bure la mwaka wa kwanza. Ningekushauri ulikatae na kulinunua jina pembeni, ili nyumba na kiwanja visiwe kwa mtu mmoja.

Wix, huduma nyingine ya namna hiyo, ninaiweka ya tatu, ingawa najua ndiyo inayotumiwa na wenzangu wengi kwa sababu ya wepesi wake. Kasoro yake ni ile ile ninayoipigania: Wix yenyewe inasema kwamba tovuti iliyojengwa kwake haiwezi kuhamishiwa kwenye seva nyingine. Utaweza kuondoka na jina, lakini kurasa utazijenga upya moja baada ya nyingine. Mpango wa bure unaweka matangazo ya Wix juu ya kurasa zako na anwani inayobeba jina lake, na mgeni anayetaka kukodi fimbo za dola mia kadhaa huliona hilo.

Chaguo za bei ya chini hazinichukulii muda mrefu. Ukurasa wa Facebook na orodha ya bidhaa ya WhatsApp ni nyongeza nzuri, lakini si zako: tarehe 4 Oktoba 2021 vyote viwili vilizimika kwa takriban saa sita duniani kote. Google nayo iliwahi kutoa tovuti ndogo za bure kwa biashara, na mwezi wa Machi 2024 ikazifunga zote. Jiandikishe kwenye ramani ya Google, kwa kuwa ni bure na mgeni anaihitaji ili afike, lakini anwani ya kupaka bangoni isiwe hiyo.

Jambo la bei linaniuma kuliko yote. Hapa mjini nimetajiwa dola 300, 600, na mara moja 1,200, kwa kazi ile ile ya kurasa tano, na hakuna hata mmoja kati ya waliotaja bei hizo aliyeandika kwenye karatasi kwamba jina litakuwa la nani. Fundi wa vishikio akikubadilishia vishikio 14 vya mfuko mzima, anakurudishia fimbo zako. Hazibaki kwake ili umlipe kila mwaka ndipo uzishike. Sikatai kumlipa fundi wa tovuti, kwa maana ni kazi ya akili na ya siku nyingi. Ninachotaka ni risiti yenye mistari mitatu tofauti: jina, seva, kazi ya mikono. Muuzaji anayekataa kuitenganisha hesabu hiyo anaficha faida ndani ya jina, na ndipo dola 20 zinapogeuka 200.

Kwa yule ambaye jina lake tayari liko mikononi mwa mtu mwingine, afanye haraka kabla tarehe ya kuisha haijafika. Amalize deni lolote analodaiwa, kisha aombe kwa maandishi mambo mawili: jina lifunguliwe kufuli inayolizuia kuhamishwa, na apewe msimbo wa uhamisho, yaani neno la siri la kulihamishia. Akishafungua akaunti yake mwenyewe kwingine, ataingiza msimbo huo na jina la .com litahama, kwa kawaida ndani ya siku chache, na uhamisho huo huongeza mwaka mmoja kwenye muda wake. Kama jina liliandikishwa au kuhamishwa siku chache zilizopita, huenda akalazimika kungoja hadi siku 60 zitimie. Mwalimu wa Kolwezi amefanya hivyo mwezi uliopita. Fundi wake alinung’unika, akadai dola 50 za usumbufu, akalipwa, na msimbo ukafika kwa WhatsApp jioni ile ile.