Seti ya ekseli ya mbele ya HJ60: sili moja ilinirudisha chini ya gari

Mwaka mzima tairi la mbele kulia lilikuwa na mstari mweusi upande wa ndani, limelowa kama linatoka jasho. Nilikuwa nafuta, naendelea na safari. Gari lenyewe ni Land Cruiser HJ60 ya 1984, injini ya 2H, silinda sita za dizeli, springi mbele na nyuma, hakuna cha koili. Niliachiwa na marehemu mzee wangu, kwa hiyo hata likikohoa sina moyo wa kuliuza. Mwezi wa tatu likaanza kutikisa usukani likifika kilomita 70 kwa saa, na nikikata kona kali nikiwa kwenye foo wili, mbele kunagonga ka-ka-ka. Kitambaa cha kufutia hakikutosha tena.

Gereji mbili hapa Moshi zilinitajia pesa ya ufundi inayokaribia bei ya spea zenyewe, na moja ilitaka kulala na gari wiki mbili. Nikaona bora niifanye mwenyewe uani, na mpwa wangu aliyemaliza VETA juzijuzi. Seti ya spea za kukarabati ekseli ya mbele niliagiza Dar, shilingi 385,000 pamoja na nauli ya basi.

Ndani ya boksi kulikuwa na beringi nne za vifundo (lile bonge la duara nyuma ya tairi ambalo gari hukatia kona), sili mbili (pete za kuzuia oili isivuje) za ndani ya ekseli, sili za kupangusa tufe (chuma cha mviringo ndani ya kifundo) pande zote mbili, sili za haba (kitovu cha tairi), gasketi, washa za kufungia nati na shimu chache, vibati vya kurekebisha mkazo wa beringi, vyembamba kama karatasi. Beringi za haba hazimo, na sivijointi (viungio vinavyozungusha tairi hata likiwa limekata kona) hazimo kabisa. Uliza kabla hujatuma hela, maana neno "kamili" kwenye tangazo kila muuzaji analipima kwa rula yake.

Kufungua si kugumu, ni kuchafu. Jeki, stendi mbili imara, tairi chini, kaliper ya breki unaifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwenye hosi yake. Kwenye haba unakutana na nati mbili kubwa zinazotaka soketi ya milimita 54. Mafundi wengi wanazifungua kwa patasi na nyundo, na zangu zilikuwa na makovu ya kutosha kuthibitisha. Nunua soketi, yangu ilikuwa 28,000. Halafu kuna vile viwasha vyenye umbo la pia vinavyobana stadi za mkono wa usukani. Hivyo havitoki kwa kuvuta. Unalegeza nati lakini unaiacha ishike nyuzi chache, unaweka kipande cha shaba, unapiga mara moja kwa nguvu. Vinaruka vyenyewe. Ukigongagonga kwa woga utashinda hapo hadi magharibi.

Kifundo cha kulia kilipoachia, badala ya grisi ulimwagika uji. Mweusi, mwepesi, unanuka oili ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli. Kumbe ndiyo jasho la tairi: sili ya ndani, inayozuia oili ya difu isiingie kwenye kifundo, ilishakufa siku nyingi. Oili ikaingia, ikaiyeyusha grisi, mchanganyiko ukatafuta njia kupitia kwenye tufe. Vikombe vya beringi za vifundo vilikuwa na vishimo vilivyopangana, alama za roli zilizokaa pale pale miaka na miaka. Ndiyo maana usukani ulikuwa unanasa kidogo katikati, nami nikadhani ni uzee tu.

Sivijointi mpya zilinishinda bei. Jirani yetu mmoja, fundi mstaafu, alikuja kutuchungulia. Tulipokwisha kumwamkia akaiokota moja, akaizungusha mkononi, akaitia kidole kwenye njia za gololi.

"Mwanangu, usiwe na haraka ya kuzitupa hizi. Ya kulia ipeleke kushoto, ya kushoto ilete kulia."

Maelezo yake yaliniingia. Gari muda mwingi huenda mbele, kwa hiyo gololi zinalika upande mmoja wa njia zake. Ukizibadilisha pande, mzigo unahamia upande ambao haujalika. Kwenye HJ60 ekseli za ndani hazilingani urefu, lakini sivijointi zenyewe ni zile zile. Tukaziosha kwa dizeli, tukazishindilia grisi nyeusi yenye molibdeni, tukazihamisha. Ule mlio wa ka-ka-ka umepungua sana. Haujaisha, nisidanganye.

Beringi za seti nazipa alama zote. Zina chapa ya Kijapani iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi tu, na vikombe viliingia kwa kugongwa taratibu kama inavyotakiwa. Kupima zimebana kiasi gani niliazima mzani wa ndoano kwa muuza nyama. Unatia ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani, unavuta, unasoma kilo pale kifundo kinapoanza kusogea. Kulia nilipata kilo tatu na nusu, kushoto nne. Mzani ukikaa karibu na sifuri, beringi zimelegea, punguza shimu. Kipimo hiki fanya kabla hujafunga sili za tufe, kwa sababu zenyewe zinabana na zitakudanganya. Na shimu za zamani zisichanganyike: mpwa wangu alizitia kwenye makopo manne, ameandika kwa chaki juu, chini, kulia, kushoto.

Sasa sili za ndani. Ya kulia iliingia vizuri, kwa nyundo na kipande cha bomba. Ya kushoto niliiweka mdomoni mwa ekseli nijipange kuigonga, ikazama kwa kidole gumba.

Mpwa wangu akaniangalia. "Mjomba, hii si ilitakiwa kugongwa?"

Ilikuwa Jumapili saa kumi na moja jioni, grisi mpaka kwenye kope, na Jumatatu nilitaka gari. Nikamwambia ikishakutana na oili itatanuka. Maneno ya mtu aliyechoka. Tukaendelea, nikapitisha ekseli kwa uangalifu wote ili meno yake yasikwaruze mdomo wa sili, kana kwamba uangalifu huo ungesaidia kitu.

Usukani ulirudi kuwa wa gari jipya. Nilikwenda Same, nikapanda milima ya Upare hadi Mbaga, mtikisiko haupo tena. Wiki mbili baadaye, tairi la kushoto likaanza jasho.

Kwanza nilishuku kile kipumulio juu ya ekseli, maana kikiziba kwa tope, joto linajaza presha ndani na oili inasukumwa kwenye sili. Nilipuliza, kipo wazi. Basi nikafungua upande mzima upya. Sili ilikuwa imekaa mshazari kwenye nyumba yake, na kile kispringi chembamba cha ndani kimechomoka, kinaelea kwenye grisi. Nilinunua nyingine ya Toyota yenyewe, 38,000, nikazipima zote mbili kwa vernia, kile kipimo cha sehemu za milimita. Ya seti ilikuwa pungufu karibu milimita 0.3 kwa nje. Hii mpya iligoma kidole, ikataka nyundo.

Muuzaji nilimtumia picha na vipimo. Alinijibu kwamba hizo ndizo wateja wote wanachukua na hakuna aliyelalamika. Hela hakurudisha, sili nyingine hakutuma.

Kwa hiyo seti naipa nyota tatu na nusu. Beringi, gasketi na sili za tufe ni mali safi, na kwa bei ile huzipati kimoja kimoja. Ukiichukua, zile sili mbili za ndani weka pembeni, nunua za Toyota siku hiyo hiyo, na ongeza 76,000 kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Kazi yenyewe ilinila wikiendi tatu, mbili za kwanza na moja ya kurudia. Anayejua kazi angemaliza kwa mbili.

Ya kulia bado ina sili ya seti. Ni kavu mpaka leo, ila kila Jumamosi napitisha kidole nyuma ya tufe kabla ya kuosha gari. Soketi ya 54 haikai nyumbani. Kuna mwenye Land Cruiser HJ47 mtaa wa pili ameshaiazima mara mbili, na mara ya pili bado hajairudisha.